Nilimkanyaga Kabla Sijamvua

Gayogayo wa kwanza maishani mwangu nilimkanyaga. Tangu alfajiri nilikuwa nimesimama ndani ya maji ya kiunoni, kwenye mlango wa mto, nikirusha ndoana mbali kadiri mkono ulivyoweza, nikiamini kwamba samaki wakubwa hukaa mbali na nchi kavu na kwamba mwenye kurusha karibu ni mvivu. Jua likapanda, sikuguswa hata mara moja. Nikakata tamaa, nikakunja mshipi, nikaanza kurudi. Maji yalipofika magotini, mchanga uliokuwa chini ya unyayo wangu wa kulia ukasogea. Sikuteleza mimi, ulisogea wenyewe, kama shuka linalovutwa na mtu aliyelala. Tope likatimka, na kitu kipana kama sinia kikachomoka, kikaenda kikijikunjakunja hatua kumi hivi, kisha kikatua chini mbele ya macho yangu. Nilikwenda hadi pale kilipotua. Sikuona kitu.

Kumkosa hakukuniuma sana. Kilichoniuma ni kwamba asubuhi ile, wakati naingia majini, nilipita palepale. Nilimvuka, nikaenda kusimama mbele yake, nikampa mgongo, nikavua mahali ambapo hakuwapo. Na nilipofikiri vizuri nikaona kwamba miaka yangu miwili ya kwanza ya kumtafuta samaki huyu ilikuwa hivyo hivyo: mimi namtafuta kwenye maji mengi, yeye amelala kwenye maji machache.

Wengine humwita gayogayo, wengine wayo kwa sababu ya umbo lake la unyayo, na wengine husema samaki bapa tu na kumaliza. Kwa jina lolote, ni kiumbe wa ajabu. Huanguliwa akiwa samaki kama samaki wengine, jicho huku na jicho huku, anaogelea wima. Kisha, akiwa bado mdogo wa sentimita moja au zaidi kidogo, jicho moja huanza safari. Huhama polepole, huvuka utosi na kwenda kukaa karibu na mwenzake upande wa pili, naye hulalia ule upande uliobaki bila jicho. Kuna jamii ambazo jicho huhamia kushoto, kama gayogayo wa kiangazi wa pwani ya mashariki ya Marekani, na kuna ambazo wengi wao huhamia kulia, kama yule wa Ulaya anayepanda hadi kwenye mito ya maji baridi, ingawa kati ya hao si wachache waliogeuka kinyume cha wenzao. Upande wa juu huwa na rangi ya mchanga, wa chini mweupe. Akishakua hana kibofu cha hewa cha kumwelesha majini. Kazi yake ni kulala chini na kutazama juu.

Hilo la kutazama juu ningelijua mapema lingeniokolea miezi mingi. Chambo kinachopita futi nne juu yake anaweza kukiona, lakini mara nyingi hajisumbui kukifuata. Anataka kitu kinachopita karibu na uso wake, kinachoburutika au kurukaruka chini, mahali anapoweza kujirusha mara moja, kubana, na kurudi kulala. Ni mvivu mwenye mdomo mpana na meno makali.

Kuhusu kule kutoweka kwake mbele ya macho yangu, baadaye nilisoma kwamba hata wataalamu lilishawasumbua. Mwaka 1911 Francis Sumner alichapisha picha za samaki bapa aliowalaza juu ya sakafu zenye madoa na miraba, nao wakajitahidi kuigiza madoa yale migongoni mwao. Utafiti mwingine uliochapishwa mwaka 1996, juu ya jamii moja ya bahari za joto, ulionyesha kwamba samaki yule aliweza kujigeuza ndani ya sekunde 2 hadi 8. Hapo nikaacha kujilaumu. Mimi nilichukua zaidi ya sekunde nane kufuta tope machoni.

Aliyenifumbua macho kwelikweli alikuwa mzee mmoja ambaye hata hakubeba ndoana. Alikuwa akija maji yakishakupwa kabisa, wakati sisi wengine tunafungasha. Anatembea juu ya mchanga mbichi, ameinama, kama mtu aliyeangusha pete. Siku moja nikamfuata.

"Mzee, kuna kilichopotea?"

"Kilichopotea ni chako, mwanangu," akasema. "Mimi naangalia walikolala."

Akanionyesha kwa ncha ya fimbo yake. Kwanza sikuona chochote. Kisha, jinsi mwanga ulivyokuwa unapiga kwa ubavu, umbo likajitokeza: shimo la kina cha kidole, lenye umbo la jani pana, kingo zake zimeinuka kidogo kwa mchanga uliofukuliwa na mapezi, na upande mmoja alama nyembamba ya mkia. Kitanda. Ndani yake maji kidogo yalikuwa bado yametuama. Mzee akakipima kwa mkono, shubiri mbili kasoro. Akaniambia kichwa kilikuwa upande gani, na kilikuwa kimeelekea kule mkondo unakotoka, maana samaki huyu akivizia hulala akiyakabili maji yanayomletea chakula. Hatua tatu mbele kulikuwa na kitanda kingine, na kingine. Vyote vimepangana kwa kuelekea upande mmoja, kama watu waliokaa kungoja gari.

Tangu siku hiyo nimejifunza mengi zaidi kwenye mchanga mkavu kuliko nikiwa na ufito wa kuvulia mkononi. Vitanda haviko ovyo. Havikuwa katikati ya fungu la mchanga lililo tambarare, ambako mimi nilikuwa nikisimama. Vilikuwa pembezoni: mchanga unapokutana na tope, nyasi za majini zinapoishia, nyuma ya lundo la makombe ya chaza, na hasa pale vihori, yaani vijito vidogo vinavyojaa na kupwa na bahari, vinapotoa maji yake kwenye mto mkubwa. Kihori ambacho maji yakipwa unaweza kukiruka kwa hatua moja, ambacho mvuvi mgeni hakitazami mara mbili, kilikuwa na vitanda saba kwenye mlango wake.

Ukitafakari, ni sawa kabisa. Maji yakijaa, uduvi, kamba na watoto wa mkizi huingia kwenye nyasi na kujificha. Maji yakianza kupwa hawana hiari, lazima watoke, na mlango ni mmoja. Gayogayo anaujua mlango huo. Hana haja ya kumkimbiza mtu. Anajifukia kwenye mteremko mdogo kando ya mkondo, macho mawili nje, anangoja wapitishwe mbele yake. Kwa hiyo saa zangu nzuri zikawa zile mbili za mwisho za maji kupwa, mlangoni, na ile ya kwanza ya maji kujaa, wakati anaanza kupanda tena kwenye maji ya kina cha kifundo cha mguu kuwafuata walewale. Maji yakisimama, nakunywa maji yangu na kukaa. Wengine husema hata hapo huvua, nami sibishani nao, ila sijawahi kuwaona wakivua.

Jambo la pili lililonichelewesha ni rangi ya maji. Huyu ni mwindaji wa macho. Mvua kubwa ikishanyesha juu mtoni na maji yakageuka chai ya maziwa, hata umpitishie chambo puani hatakiona. Siku hizo nilizipoteza nyingi kwa ukaidi. Sasa natumbukiza mguu hadi gotini, nikishindwa kuona vidole vyangu narudi nyumbani, au nasogea karibu zaidi na bahari ambako maji yanayojaa yamesukuma yale machafu nyuma. Mara nyingine unakuta mstari kabisa, upande huu tope, upande huu maji safi, na pale mstarini pana samaki.

Zana si jambo kubwa. Natumia chubwi yenye tundu katikati, mshipi unapita ndani yake bila kufungwa, ili samaki akivuta asihisi uzito. Chini yake pete ya chuma inayozunguka, kisha kipande cha mshipi mgumu zaidi chenye urefu wa dhiraa moja hivi, kwa sababu ya meno na makombe ya chaza, na mwisho ndoana. Chambo ni samaki mdogo aliye hai, wa urefu wa kidole, aliyetobolewa midomo yote miwili kuanzia chini kwenda juu ili aendelee kupumua na kuogelea. Wapo wanaotumia vyambo vya mpira vyenye kichwa cha risasi, wanavirusharusha chini, na wanavua vizuri. Kikubwa ni chambo kiguse chini na kisikae mahali pamoja. Ukikitupa na kukiacha kimetulia, unawaalika kaa. Buruta, tulia, buruta, kwa mwendo wa mtu anayetembea huku akizungumza na mwenzake.

Kuhusu kuuma kwake nina mengi ya kusema, kwa sababu hapo ndipo nilipopoteza samaki wengi kuliko nitakaowahi kuvua.

Kwa muda mrefu nilikuwa nikihisi kitu kama kugongwa na kidole kwenye mbao: tu, tu. Nami navuta papo hapo, kwa nguvu, kama nilivyozoea kwa samaki wengine. Mshipi unakuja mwepesi. Kwenye ndoana nakuta chambo changu kimekufa, na ubavuni kina mikwaruzo kama iliyochorwa kwa kitana. Nikasema ni kaa. Miezi ikapita nikiwalaani kaa ambao hawakuwa na kosa lolote. Kaa hunyofoa, huacha tumbo limechanika na nyama zinaning'inia. Hii ilikuwa mikwaruzo safi, pande zote mbili, nyuma kidogo ya kichwa, yenye mpindo wa mwezi mchanga. Ushahidi ulikuwa mkononi mwangu kila mara, nami nikautupa majini.

Siku niliyogundua, sikugundua kwa akili. Nilikuwa na ndoana ya akiba iliyonasa kwenye mkono wa shati, na ufito nimeubana kwapani, nahangaika kuitoa. Tu, tu. Nikauona ufito ukiinama kidogo. Nilitaka kuvuta lakini mikono yote miwili ilikuwa kazini, na kila nikiharakisha ndivyo ndoana inavyozidi kuingia kwenye kitambaa. Nikaanza kusonya. Mwishowe nikaichana ile shati, nikashika ufito, nikauinua taratibu nikiwa na hakika kwamba aliyekuja ameshaondoka. Ukainama, ukakataa kurudi. Upande wa pili palikuwa na uzito wa kitambaa kilicholowa, kisha uzito ule ukapiga kichwa, pu, pu, pu, na nikajua.

Anachofanya ni hivi. Anajirusha, anambana samaki mdogo kwa ubavu, mtambuka, kisha anarudi kulala naye mdomoni. Bado hajameza. Anatulia, kisha anamgeuza ili aanze kummeza kwa kichwa. Ukivuta wakati amembana kwa ubavu, unamnyofolea chambo mdomoni na ndoana haijamgusa. Kwa hiyo ukisikia tu, tu, shusha ncha ya ufito, mpe mshipi kidogo, hesabu. Mimi nahesabu hadi kumi kwa chambo kidogo, na hadi ishirini kwa kikubwa. Sauti kubwa kabisa husaidia, maana moyo huhesabu upesi kuliko mdomo. Kisha kaza mshipi polepole hadi uhisi yupo, ndipo uinue. Kwa chambo cha mpira usihesabu, ataonja mpira na kuutema, inua mara moja. Na ukitumia zile ndoana za mviringo zilizopinda ncha kwa ndani, usikurupuke hata kidogo, kaza tu, nayo itajiweka yenyewe kwenye pembe ya mdomo.

Kuhesabu hadi kumi huku samaki yuko upande wa pili wa mshipi ni kazi ngumu. Nimewafundisha watu watatu au wanne, na wote huishia sita.

Kumtoa majini nako kuna kisa. Gayogayo akivutwa huja kwa upole, kama sahani inayoburutwa, hadi unadhani amekubali yaishe. Ukikiinua kichwa chake juu ya maji, hutikisa mara mbili, ndoana hutoka, na unabaki kutazama mduara wa maji. Mkubwa kuliko wote niliowahi kumwona alipotea namna hiyo, ila si kwa kosa la kichwa. Rafiki yangu alikuwa ameshika kiwavu cha mpini. Samaki alikuwa ubavuni mwa mashua, juujuu, ametulia, mpana kiasi kwamba sote wawili tulinyamaza. Rafiki yangu akaja na wavu kwa nyuma, kwa haraka, ukingo ukamgusa mkiani. Samaki huyu ukimgusa mkia huenda mbele, na mbele palikuwa wazi. Alikata mshipi kama uzi wa kushonea. Hatukusemeshana hadi tukafika nchi kavu, na kwa kweli mwenye kosa nilikuwa mimi, kwa sababu sikumwambia. Siku hizi wavu unatangulia majini, umetulia, mdomo wake umeelekezwa kwa samaki, nami namwongoza aingie kwa kichwa. Akishtuka, anashtukia ndani.

Kwenye mashua kuna somo jingine ambalo halikuniingia haraka, nalo ni upepo. Uzuri wa mashua ni kuiacha ichukuliwe na maji, chambo kinaburutika chenyewe, na unapita juu ya eneo kubwa. Lakini upepo ukivuma dhidi ya mkondo, mashua husimama au huzunguka, chambo kinalala chini, mishipi inasokotana. Upepo na mkondo vikienda pamoja kwa nguvu, unakimbia na chambo kinaelea juu ya vichwa vyao. Nilikuwa nikiongeza chubwi nzito, kumbe dawa ilikuwa ndoo. Ifunge kamba kwenye mpini, itumbukize tezi, yaani nyuma ya mashua, ijae maji, mashua inapungua mwendo. Na ukipata samaki mmoja, weka alama, rudi upite tena palepale. Mara chache hulala peke yake.

Niliwahi pia kujaribu usiku, kwa taa na mkuki, kama wafanyavyo wengi. Ni jambo la kupendeza kuliona. Maji yametulia, taa inamulika hadi chini, na unatembea ukitafuta, si samaki, bali mstari: ukingo wa duara ambao haufanani na mchanga, macho mawili yaliyokaribiana. Unaweza kupita juu ya kumi ukamwona mmoja. Usiku wa tatu nilimchoma mmoja ambaye nilidhani ni mkubwa, maji humkuza mtu, na nilipomtoa alikuwa hajafika hata shubiri moja. Ndoana inakuruhusu kumpima kisha kumrudisha, mkuki haukurudishii kitu. Mahali pengi kuna kipimo cha chini kisheria, na pengine mkuki wenyewe umekatazwa, lakini hata bila sheria sikuwa na hamu tena.

Zaidi ya hayo, usiku ule nilijifunza kutofautisha kitanda cha gayogayo na kitanda cha samaki aitwaye taa. Taa naye ni bapa, naye hujifukia, ila mkia wake una mwiba wenye sumu. Anayetembea kwenye maji ya mchanga asinyanyue miguu: aiburute, asukume mchanga mbele, taa ahisi na kuondoka. Mimi nilinyanyua mguu mara moja tu. Mwiba ulipita pembeni ya kisigino, jeraha dogo kama la kisu cha kukunja, na maumivu yakapanda hadi nyonga kwa dakika chache. Kilichonisaidia ni kuuloweka mguu kwenye maji ya moto, moto kadiri ngozi inavyovumilia bila kuungua, kwa zaidi ya saa nzima, na kisha hospitali, maana vipande vya mwiba huweza kubaki ndani. Tangu hapo naburuta miguu hata kwenye maji ambayo nina hakika hayana kitu.

Wale wakubwa, wa shubiri mbili na zaidi, karibu wote ni majike. Madume wengi huishia wadogo. Nililipuuza jambo hilo nilipolisikia mara ya kwanza, kisha nikatambua maana yake: kila mvuvi anayejisifu kwa picha ya samaki mpana amembeba mama. Katika jamii moja ya kusini mwa Marekani imethibitika hata kwamba maji ya mlango wa mto yakipata joto kupita kiasi, wadogo wengi ambao wangekuwa majike hugeuka madume. Sikuacha kuvua kwa ajili hiyo. Ila namchukua mmoja, wengine narudisha. Kwa kuwa hana kibofu cha hewa, hata akitolewa kwenye kina hafuri tumbo kama samaki wengine, anarudi chini bila shida. Akiwa ameimeza ndoana hadi kooni simchokonoi, nakata mshipi karibu na mdomo. Mikono iliyolowa, asibanwe machoni, basi.

Kwenye bahari za nchi zenye majira ya baridi kuna msimu wa kuhama. Maji yakianza kupoa baada ya kiangazi, gayogayo wengi hutoka kwenye ghuba na milango ya mito kwenda bahari ya kina kutaga, na watoto wao hurudishwa na mikondo kuja kukua kwenye maji yaleyale ya vina vifupi. Wakiwa wanatoka, hubanana kwenye njia ya kutokea, na wiki hizo mtu yeyote anaweza kujiona fundi. Hizo ndizo wiki za kujizuia. Texas, kwa mfano, tangu mwaka 2021 imekuwa ikifunga uvuvi wao mwezi Novemba hadi katikati ya Desemba kwa sababu hiyo.

Kisa kimoja hunichekesha kila nikikikumbuka. Tarehe 23 Januari 1960, Jacques Piccard na Don Walsh walishuka na chombo chao Trieste hadi chini kabisa ya bahari, karibu kilomita 11 kwenda chini, na Piccard akasema kwamba kule aliona samaki bapa. Wataalamu wa baadaye hawakukubali, wakasema huenda alikuwa jongoo bahari, kwa kuwa samaki hawaishi kina kile. Mtu kashuka hadi mwisho wa dunia akaona gayogayo asiyekuwepo, na mimi nilisimama juu ya aliyekuwepo nisimwone.

Wiki iliyopita ilikuwa bamvua, maji yalipwa hadi yakaacha wazi sehemu ambazo kwa kawaida hazionekani. Nilikwenda bila ufito. Kwenye mlango wa kile kihori cha kuruka kwa hatua moja, hatua chache tu kutoka mahali nilipokuwa nikiweka mkoba wangu miaka ile, nilikuta kitanda kimoja peke yake. Nikapiga magoti nikakipima. Shubiri mbili na nusu. Kingo zilikuwa bado kali, hazijabomoka, na alama ya mkia ilielekea mto mkubwa, yaani kichwa kilielekea kihorini. Nikachomeka kijiti juu kwenye nyasi, sawa na kitanda, ili nikione maji yakiwa juu.

Nilirudi alasiri, maji yameshajaa na kuanza kupwa tena. Sikuingia majini. Nilisimama nyuma, juu ya mchanga mkavu, nikatupa chambo ndani ya kihori, nikakiacha kiteremke na mkondo kuelekea usawa wa kijiti, nikikizuia kidogo, nikikiachia kidogo. Mara ya kwanza kikapita. Mara ya pili kikapita. Mara ya tatu, kilipofika usawa wa kijiti, tu, tu.

Nikashusha ncha ya ufito, nikaanza kuhesabu kwa sauti.